MADIRISHA YA VIOO VYA RANGI KATIKA MAKANISA YA UINGEREZA



Mtu akisimama nje ya kanisa kuu la kale huko Uingereza wakati wa mchana na kuyatazama madirisha yake, haoni jambo la kumpendeza. Aona vioo vyeusi visivyong'aa, na mistari ya risasi iliyopindika huku na huku kama nyavu za mvuvi. Asiyejua atasema, "Mbona nyumba nzuri namna hii ina madirisha mabaya?" Lakini akifungua mlango na kuingia, kisha akainua macho, atashangaa. Kioo kile kile alichokidharau sasa ni chekundu kama kaa la moto na samawati kama mbingu baada ya mvua, na katika rangi hizo yumo Adamu akilima, yumo Nuhu dirishani mwa safina, wamo malaika wenye tarumbeta. Kioo hakikubadilika. Yeye ndiye aliyehama mahali pake: alikuwa nje, sasa yu ndani, na nuru yapita katika kioo na kumjia.

Katika somo hili yafaa tujifunze mambo matatu. Kwanza, dirisha la namna hii hufanywaje. Pili, kazi hii ilianzaje Uingereza, na ni nani waliolipa gharama zake. Tatu, kwa nini Wakristo wenyewe waliyavunja madirisha haya, na kwa nini Wakristo wenyewe waliyaokoa. Jambo hili la tatu ndilo lililo kubwa, nalo latuhusu sisi tulio wa Kanisa la Kilutheri, maana baba yetu Martin Luther alilazimika kulijibu mapema kabisa katika kazi yake.

1. Mwanzo wa kazi hii

Hapo kale Warumi walipoitawala Uingereza, walikuwa na vioo katika nyumba zao. Utawala wao ulipokwisha, mwanzoni mwa karne ya 5, ufundi huo nao ukafifia. Mwaka 674 mtu mmoja mkubwa wa kabila la Northumbria, jina lake Benedict Biscop, alianza kujenga nyumba ya watawa mahali paitwapo Wearmouth, kaskazini mwa Uingereza. Jengo lilipokaribia kwisha, akatuma wajumbe kuvuka bahari mpaka nchi ya Gaul, ambayo sasa ni Ufaransa, kutafuta mafundi wa vioo, kwa kuwa katika nchi yake hawakupatikana. Habari hii ameiandika Beda, mtawa aliyelelewa katika nyumba hiyo hiyo tangu utoto wake. Naye aongeza neno la kupendeza: mafundi wale hawakufanya kazi na kwenda zao tu, bali waliwafundisha Waingereza ufundi wenyewe.

Watu wasije wakadhani kwamba ni hadithi tu, katika karne ya 20 wataalamu walichimba ardhi ya Wearmouth na ya Jarrow, nyumba ya pili ya Benedict, wakakuta vipande vingi vya vioo vya rangi vya karne ya 7. Baadhi yake vimeunganishwa tena na kutiwa katika dirisha dogo la kanisa la Mtakatifu Paulo huko Jarrow. Ni dirisha dogo mno, lakini nuru yapita ndani yake kama ilivyopita siku za Beda.

2. Jinsi kioo kinavyofanywa

Kioo hutoka katika vitu vinyonge kuliko vyote: mchanga na majivu. Mtawa mmoja ajulikanaye kwa jina la Theophilus aliandika kitabu cha ufundi katika karne ya 12, nacho kipo hata leo. Afundisha kwamba fundi achukue mafungu mawili ya majivu ya kuni na fungu moja la mchanga safi, avichanganye na kuvipika katika tanuru kali muda mrefu, mpaka viyeyuke na kuwa kama uji mzito. Mchanga ndio mwili wa kioo. Majivu huufanya uyeyuke upesi zaidi. Ndipo fundi hutwaa bomba refu la chuma, huchovya ncha yake katika uji ule wa moto, hupuliza mpaka litoke puto, kisha hulikata na kulikunjua liwe bamba.

Rangi haipakwi juu ya kioo kama tupakavyo ukuta. Hutiwa ndani ya uji wenyewe ungali wa moto. Kobalti hutoa samawati. Shaba hutoa kijani, na ikipikwa kwa namna nyingine hutoa nyekundu. Manganizi hutoa zambarau. Rangi nyekundu ilikuwa na taabu yake: ilikuwa nzito mno, hata bamba zima la nyekundu lingeonekana jeusi. Kwa hiyo mafundi walifanya utando mwembamba wa nyekundu juu ya kioo cheupe, na nuru ikapata njia.

Waingereza walijua kufanya kioo cheupe. Katika misitu ya Surrey na Sussex, hasa karibu na kijiji cha Chiddingfold, tanuru za vioo zilikuwako tangu karne ya 13, kwa kuwa kuni na mchanga vilipatikana pale. Lakini kioo chenye rangi kwa sehemu kubwa kilinunuliwa ng'ambo, katika nchi za mto Rhine na Ufaransa ya kaskazini, kikaletwa kwa meli. Basi hata dirisha lisifiwalo kuwa la Kiingereza, nusu yake limetoka kwa mikono ya wageni.

3. Jinsi dirisha linavyounganishwa

Fundi mkuu huanza kwa kuchora. Zamani karatasi ilikuwa adimu. Kwa hiyo alichukua meza kubwa ya mbao, akaipaka chokaa, akachora juu yake picha nzima kwa ukubwa wake halisi, akaonyesha kila mstari wa risasi na rangi ya kila kipande. Meza ile ndiyo iliyokuwa kitabu cha mafundi wote.

Kisha hulaza kioo juu ya mchoro na kukikata. Siku zile hawakuwa na almasi wala gurudumu la chuma kama mafundi wa leo. Walitumia chuma kilichotiwa moto, wakakipitisha juu ya kioo mpaka kikapasuka; halafu wakatafuna ukingo wake kidogo kidogo kwa chuma chenye pengo, mpaka kipande kikalingana na mchoro. Kwa sababu hiyo ukingo wa kioo cha kale una alama kama za meno ya panya, na wataalamu huutambua kwa alama hizo.

Baada ya hayo nyuso, mikono, mikunjo ya nguo na maandiko huchorwa kwa wino mzito wa rangi ya kahawia au nyeusi, uliofanywa kwa unga wa shaba au chuma na unga wa kioo, ukakorogwa kwa divai au maji mengine. Vipande hurudishwa tanuruni, wino ule huyeyuka na kushikamana na kioo, usifutike tena. Mwanzoni mwa karne ya 14 mafundi wa Uingereza walianza kutumia dawa mpya iliyofanywa kwa fedha: wakiipaka nyuma ya kioo cheupe na kukichoma, kioo hugeuka manjano kama dhahabu. Hivyo uso mweupe na taji ya dhahabu viliweza kuwa katika kipande kimoja pasipo kukata.

Mwisho ni risasi. Fundi huimimina katika kalibu itoke fito nyembamba, ambazo ukizikata huonekana kama herufi H. Kila upande wa H hupokea kipande cha kioo. Fito hizo hukunjwa kufuata umbo la kila kipande, na mahali zikutanapo hutiwa lehemu. Risasi ni madini laini, mtoto aweza kuikunja; lakini ulaini huo ndio faida yake. Kama fito zingekuwa za chuma kigumu, upepo wa kwanza ungevunja vioo vyote. Risasi huinama kidogo upepo ukija, kioo kikaokoka.

Tena tusidhani kwamba hii ilikuwa kazi ya mtu mmoja. Katika miaka ya 1351 na 1352 Mfalme Edward wa Tatu alikusanya mafundi kutoka majimbo mengi kufanya madirisha ya kanisa la Mtakatifu Stefano huko Westminster. Kitabu cha hesabu kimebaki. Fundi mkuu aliyechora alilipwa peni 12 kwa siku. Waliopaka wino walilipwa peni 7. Waliokata na kuunga vioo walilipwa peni 6. Imeandikwa hata pombe iliyonunuliwa, si kwa kunywa, bali kwa kuoshea meza za kuchorea. Kanisa hilo liliungua mwaka 1834. Mfalme ametoweka na madirisha yametoweka, ila hesabu ya mishahara ya mafundi bado yasomeka.

4. Canterbury na York

Kanisa kuu la Canterbury liliungua mwaka 1174, miaka 4 baada ya Askofu Mkuu Thomas Becket kuuawa humo. Lilipojengwa upya likatiwa madirisha mengi, na baadhi yake yapo hata leo. Humo yumo Adamu akilima, wa kwanza katika safu ya wazee waliomtangulia Bwana Yesu kwa mwili. Kwa muda mrefu watu walidhani ya kwamba vioo vyote vya kale vya kanisa hilo ni vya baada ya moto ule. Lakini mwaka 2021 wataalamu walitoa habari kwamba walivipima kwa chombo kisichoharibu kioo, wakaona ya kuwa baadhi ya picha zile, na mojawapo ni ya nabii Nathani, yamkini zilifanywa kati ya mwaka 1130 na 1160. Yaani waliokoa vioo vya kanisa lililoungua, wakavitia katika kanisa jipya.

Huko York limo dirisha kubwa la mashariki, nalo ni kati ya madirisha makubwa kuliko yote ya zamani zile. Urefu wake wapita mita 23, na upana wapita mita 9. Fundi wake alikuwa John Thornton wa mji wa Coventry. Mwaka 1405 wakuu wa kanisa waliandikiana naye mapatano: aimalize kazi kwa miaka 3, alipwe shilingi 4 kila juma, na pauni 5 kila mwaka, na pauni 10 mwisho ikiwa atamaliza vema, na picha azichore yeye mwenyewe kwa mkono wake. Thornton akatimiza. Mwaka wa kumaliza, 1408, umeandikwa juu kabisa ya dirisha.

Katika dirisha hilo mna mwanzo na mwisho wa ulimwengu. Juu ameketi Mungu mwenye kitabu kisemacho kwamba yeye ndiye Alfa na Omega. Chini yake zipo habari za uumbaji mpaka kifo cha Absalomu, na chini ya hizo kitabu cha Ufunuo, picha baada ya picha: mihuri, tarumbeta, yule mnyama, na Yerusalemu mpya.

Hapa inafaa tusahihishe neno moja. Mara nyingi husemwa kwamba madirisha haya yalikuwa Biblia ya watu wasiojua kusoma. Neno hili lina kweli, lakini si kweli yote. Picha nyingi za York zipo juu sana, nazo ni ndogo. Aliye chini sakafuni hawezi kuzitambua kwa macho matupu. Na hata picha iliyo karibu haijisemi yenyewe: mtu asiyesikia habari za Nuhu ataona mzee ndani ya sanduku na ndege tu. Picha yamkumbusha aliyekwisha kufundishwa. Haichukui nafasi ya mwalimu.

5. Ni nani waliolipa?

Wengi hufikiri ya kuwa mambo haya yalikuwa ya wafalme na maaskofu tu. Sivyo. Huko Fairford, mji mdogo wa wafanya biashara ya sufu, kanisa lilijengwa upya na tajiri mmoja jina lake John Tame na mwanawe. Madirisha yake 28, yaliyofanywa mwanzoni mwa karne ya 16, yamebaki karibu yote, jambo lisilopatikana katika kanisa jingine la mtaa katika nchi ile. Na katika kijiji cha St Neot, jimbo la Cornwall, yapata miaka 500 iliyopita, vijana wanaume walilipa dirisha lao, wanawali walilipa lao, na wake wa kijiji walilipa lao. Wake wale wamechorwa chini ya dirisha, wamepiga magoti. Hawakuwa mabibi wakubwa. Sisi tujuao jinsi akina mama wa usharika wanavyokusanya senti zao mpaka bati la mwisho likapigwa juu ya kanisa, hatuna haja ya kuelezwa zaidi.

Nyumba za watawa zilipofungwa na Mfalme Henry wa Nane, watu wa Great Malvern waliona kanisa kubwa la watawa li karibu kubomolewa. Mwaka 1541 wakalinunua kwa pauni 20 liwe kanisa lao la mtaa. Kwa sababu hiyo vioo vyake vya karne ya 15 vipo hata sasa.

6. Siku za kuvunja

Sasa tumefika katika jambo zito. Mwaka 1538 Mfalme Henry aliamuru kaburi la Becket livunjwe na sanamu zake ziondolewe, maana watu walimwomba mtu yule kana kwamba ni mwokozi. Mwaka 1547, chini ya mfalme kijana Edward wa Sita, amri ilitoka kwamba picha zilizokuwa vyanzo vya ibada ya uongo ziharibiwe, hata zilizo ukutani na katika vioo vya madirisha, kumbukumbu lao lisibaki. Malkia Elizabeth wa Kwanza alipotawala, alitoa tangazo mwaka 1560 la kuwakataza watu kuvunja picha za vioo kwa nguvu zao wenyewe pasipo ruhusa. Na mchungaji William Harrison, aliyeandika habari za nchi yake mwaka 1577, aeleza kwamba picha za madirishani ziliachwa nyingi kwa sababu moja ya kawaida kabisa: kioo kipya kilikuwa ghali, na baridi ya Uingereza ni kali. Wakaziacha zichakae polepole.

Kisha mwaka 1642 vita vikatokea kati ya Mfalme Charles na Bunge lake. Mwaka ule ule askari wa Bunge waliingia kanisa kuu la Winchester, wakalivunja dirisha kubwa la magharibi. Mwaka 1643 Bunge likatoa sheria ya kuondoa picha zote za ibada. Mtu mmoja, William Dowsing, akapewa kazi hiyo katika majimbo ya Cambridge na Suffolk. Akapita katika makanisa zaidi ya 200, akaandika kila siku alichokivunja. Na huko Canterbury mchungaji Richard Culmer alipanda mwenyewe juu ya ngazi ndefu, ana mkuki mkononi, akavipiga vioo vya Becket vikaanguka chini.

Tusiwacheke watu hawa upesi. Hawakuwa wezi. Walisoma amri ya Mungu inayokataza sanamu, wakaogopa. Walikuwa wamewaona jamaa zao wakipiga magoti mbele ya mifupa na kuacha kumwomba Bwana Yesu. Swali lao lilikuwa la kweli. Lakini je, jibu lao lilikuwa la kweli?

Swali hili lilikuwa limekwisha kujibiwa mara mbili. Karibu na mwaka 600 Serenus, Askofu wa Marseille, alivunja picha kanisani mwake kwa kuwa watu walizisujudia. Gregory, Askofu wa Roma, yeye yule aliyewatuma wamisionari kwa Waingereza, akamwandikia barua. Alimsifu kwa kukataza watu wasisujudie kilichofanywa kwa mikono, lakini akamkemea kwa kuzivunja, kwa kuwa picha zaweza kuwafundisha wasiojua kusoma.

Mara ya pili ni huko Wittenberg. Luther alipokuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, rafiki zake walianza kuvunja sanamu kwa haraka na kelele. Mwezi Machi wa mwaka 1522 akatoka, akarudi, akahubiri siku 8 mfululizo. Hakusema kwamba sanamu ni za lazima. Alisema afadhali zisingekuwako ikiwa watu huziabudu. Lakini alifundisha kwamba sanamu ya kwanza imo moyoni, na mkono wenye nyundo hauwezi kuifikia. Neno likihubiriwa, moyo utaiacha sanamu. Na moyo ukiisha kuiacha, ile iliyo ukutani haina nguvu tena. Ukiivunja kabla ya moyo kuiacha, mtu ataitafuta nyingine. Ndiyo sababu katika makanisa mengi ya Kilutheri ya Ujerumani picha za kale zilibaki mahali pake.

Na katika Uingereza yenyewe alikuwako mtu wa Bunge aliyefanya vingine. Mji wa York uliposalimu amri mwezi Julai mwaka 1644, katika masharti iliandikwa kwamba makanisa yasiharibiwe. Jemadari Thomas Fairfax, mzaliwa wa jimbo lile, alilisimamia neno hilo. Kazi ya mkono wa Thornton ikaokoka, nayo ilikwisha kuwa na miaka 236.

Lakini si bidii ya dini peke yake iliyoharibu vioo. Karibu na mwaka 1790, katika kanisa kuu la Salisbury, vioo vingi vya karne ya 13 viliondolewa ili kanisa lipate mwanga mwingi, vikavunjwavunjwa na kutupwa shimoni. Kilichotakiwa ni risasi iuzwe. Waliovunja kwa hofu ya Mungu walau walijua ya kwamba picha ina maana. Hawa waliona uzito wa risasi tu.

7. Kusahau na kujifunza tena

Baada ya miaka ya kuvunja, ufundi wenyewe ulipotea. Mafundi wakaanza kupaka rangi juu ya kioo cheupe kama wapakavyo nguo ya picha, na nuru ikazuiliwa. Katika karne ya 19 watu walitamani tena madirisha ya zamani, lakini vioo vipya vilikuwa laini mno na vyembamba, rangi zake kali bila kina. Mwanasheria mmoja, Charles Winston, aliyependa kazi hii bila kuwa fundi, aliandika kitabu mwaka 1847, kisha akatoa vipande vya kale vipimwe na mwanakemia. Kiwanda cha Powell cha London kikafuata mapimo yale, kikapata kioo kinene chenye mawimbi na mapovu, kinachoivunja nuru na kuipa uhai. Iligunduliwa kwamba kasoro za kioo cha kale ndizo zilizokuwa uzuri wake. Kwa vioo vya namna hiyo Edward Burne-Jones aliweza kufanya madirisha makubwa ya kanisa la Mtakatifu Filipo huko Birmingham, alipobatizwa yeye mwenyewe.

Karne ya 20 ikaleta vita vikubwa. Mwaka 1939 vioo vya kale vya Canterbury vilitolewa kimoja kimoja na kufichwa; mji ulipopigwa mabomu mwaka 1942, vikasalimika. Baada ya vita, aliyefanya baadhi ya madirisha mapya ya kanisa hilo alikuwa Ervin Bossanyi, Myahudi mzaliwa wa Hungaria aliyekimbia Ujerumani ya Hitler. Kama siku za Benedict Biscop, mgeni akaleta kazi ya mikono yake.

Na kazi ya kutunza haina mwisho. Kioo cha kale kilichopikwa kwa majivu ya kuni huliwa na unyevu. Risasi huchoka baada ya miaka mia moja au zaidi, nayo lazima ibadilishwe. Mwaka 1984 moto ulipoliunguza paa la upande wa kusini la kanisa la York, vioo vya dirisha la mviringo vilipata nyufa kama 40,000, lakini havikuanguka, kwa sababu risasi yake ilikuwa imefanywa upya miaka michache kabla ya hapo. Dirisha la Thornton nalo lilishushwa lote, vipande vyake vikubwa 311, vikasafishwa na kuungwa upya. Cha mwisho kilirudishwa mahali pake mwaka 2018. Gharama ilipita pauni milioni 11. Thornton alilimaliza kwa miaka 3. Kulitengeneza kulichukua zaidi ya miaka 10.

Mtu aweza kuuliza, "Je, fedha hizi zisingewafaa maskini?" Ni swali jema, nalo ni la zamani; watawa wa Citeaux katika karne ya 12 walikatazwa vioo vya rangi makanisani mwao kwa sababu kama hiyo. Sina jibu la kuwafaa watu wote. Lakini nakumbuka wale wake wa St Neot. Walikuwa maskini wenyewe, wala hawakuona kwamba uzuri ni haki ya matajiri tu.

8. Neno la mwisho

Nataka tumalize huko Winchester. Askari walipokwisha kuondoka mwaka 1642, vipande vya dirisha kubwa vilikuwa vimetapakaa. Watu wakaviokota. Mfalme aliporudi mwaka 1660, walitaka kulifanya dirisha upya, lakini hapakuwa na awezaye kuipanga picha ile ya zamani. Basi wakaviunga vipande jinsi vilivyokuja mkononi. Ukiingia kanisa lile leo, utaona dirisha kubwa la magharibi lisilo na picha. Hapa pana nusu ya uso, pale pana herufi moja, kule pana kipande cha bawa la malaika. Lakini jua likielekea kutua, rangi zote huwaka, na sakafu yote hupambwa.

Kuvunja kulikuwa kazi ya siku moja. Waliookota hawakuweza kurudisha kilichokuwako. Waliweza tu kukataa kwamba vipande ni takataka. Basi ndugu, kabla hatujainua nyundo juu ya kitu cha wazee wetu, kiwe cha ng'ambo au cha kwetu, tuingie kwanza ndani ya nyumba tukitazame upande wa nuru. Pengine tutaona kwamba kweli ni sanamu, nasi tutajua la kufundisha. Na pengine tutaona kwamba giza lilikuwa upande tuliposimama.

Maswali ya kujifunza pamoja

1. Kwa nini kioo cha rangi huonekana cheusi kwa aliye nje?
2. Risasi ni laini. Ulaini wake wafaa nini katika dirisha?
3. Dowsing na Culmer walikuwa na hofu ya kweli. Hofu hiyo ni ipi, nasi twaiona wapi siku hizi?
4. Luther alifundisha nini huko Wittenberg mwaka 1522 juu ya sanamu iliyo moyoni?
5. Katika usharika wetu kuna kazi gani ya wazee ambayo risasi yake imechoka, na ni nani atakayeifanya upya?